Difu ya Lori la Pamba

“Injini ile ikitoka stoo, kuna mtu atatoka nayo,” alisema Mwajabu.

“Utoke uende wapi, mama Nusaiba? Nyumba yako hii.”

“Ndiyo maana sikujitaja mimi.”

Twalha akakohoa. Ugomvi ulianza na chai ya asubuhi, sasa jua lilikuwa limefika kwenye kizingiti cha duka, na mwenyewe alikuwa amefika pale ambapo mume hurudia hoja ileile kwa sauti kubwa zaidi akidhani ni hoja mpya. Kati yao, mkekani, alikaa mgeni aliyeuleta ugomvi huo, akimalizia kikombe chao cha tatu kwa adabu. Jina lake Mudrick, kazi yake udalali, na mali aliyokuwa akiipigia udalali ilikuwa ya hao hao waliokuwa wakimnywesha chai.

“Shemeji,” alisema Mudrick, akiweka kikombe chini taratibu kama anayelaza mtoto. “Mimi sipendi kuingia mambo ya watu ya ndani.”

“Umeshaingia. Umekalia mkeka wao.”

“Nakubali. Lakini Mjerumani anangoja, na Mjerumani hana tabia ya kungoja. Mtu yuko Oysterbay, ana magari ya kizamani kumi na moja. Anataka la kumi na mbili. Gari lenu. Sharti lake ni moja tu: injini kubwa na difu yenye nguvu ya kuzungusha matairi ya nyuma. Ulaya siku hizi gari la mbio la kizamani bila injini kubwa ni kama bwana harusi aliyekuja na msuli. Akiliona liko hivyo, anatoa mabasi, Coaster mbili. Si moja. Mbili.”

“Umesikia?” Twalha alimwambia mkewe. “Mbili.”

“Nimesikia. Na mimi nimesikia kuna injini moja, na ni yangu.”

Gari lenyewe lilikuwa uani, nyuma ya duka. Lilikuwa MG nyekundu ya milango miwili, isiyo na paa, fupi kwenda juu kiasi kwamba mbuzi aliweza kumwangalia dereva usoni. Mwenye kinu cha kuchambua pamba, alipoondoka nchini mwaka sabini na moja, alimwomba marehemu baba yake Twalha amtunzie kwa wiki mbili. Sasa ilikuwa mwaka tisini na nne na wiki mbili zilikuwa bado hazijaisha. Injini yake ilishikamana siku nyingi. Kuku watatu walikuwa wakitagia kiti cha abiria, na mmoja, mwenye mawazo ya makuu, kiti cha dereva.

Mudrick aliliona kwa bahati. Basi la Lindi lilipasuka tairi Kibiti, abiria wakashuka, yeye akazunguka nyuma ya duka kutafuta mahali pa kujisaidia. Alisahau shida iliyompeleka. Mtaa wa Gerezani, kule Dar, alimjua mtu anayenunua magari ya namna ile bila kuuliza yametoka kwa nani, ila mtu huyo alikuwa na kasoro moja: alitaka gari lifike kwa magurudumu yake. Kwa hiyo Mudrick alihitaji injini. Na kwa kuwa hakuwa mtu wa kununua kitu ambacho mwingine anacho tayari, aliuliza uliza, akaambiwa mke wa mwenye duka ana injini stoo. Basi likaondoka bila yeye.

Ilikuwa miaka ya ruksa. Kila kilichokuwa kimekatazwa kiliruhusiwa, na watu waliokuwa hawana mpango waliamka asubuhi wakajikuta wakurugenzi. Twalha alikuwa mmoja wao. Alinunua mkoba mgumu wa ngozi ya bandia wenye namba za kufungulia, akawa anaweka ndani yake kofia na nusu mkate. Wiki ileile aliyokuja Mudrick alishamwandikisha mchoraji kibao: TWALHA SAFARI, KIBITI – NYAMWAGE – LINDI. Mabasi hayakuwapo, lakini kibao kilikuwa kinakauka.

Mwajabu hakuwa na mkoba. Alikuwa na mashine ndogo ya kukoboa mpunga pale pale Kibiti, na kwa miaka minne alijinyima mpaka akanunua injini ya dizeli ya silinda sita kutoka kwenye Toyota iliyopinduka karibu na Nyamwage. Injini hiyo ilikuwa ya mashine ya pili, Mtunda, ambako wanawake walikuwa bado wanatwanga kwa mchi au wanabeba magunia hadi Kibiti. Aliwaambia kwa kinywa chake: mavuno haya mtakoboa mlangoni kwenu. Kinu cha kukobolea alikuwa nacho, banda lilikuwa limeezekwa, mpunga ulikuwa unaiva. Kilichokosekana ni namna ya kufikisha injini. Njia ya Mtunda ilikuwa mchanga mtupu, na wenye malori watatu aliowafuata walicheka kabla hajamaliza sentensi.

“Mshamu,” aliita.

Fundi Mshamu alikuwa uani muda wote, amechuchumaa kando ya gari, anasikiliza ugomvi kama mtu anayesikiliza taarifa ya habari. Alijifunza ufundi kwenye kinu cha pamba na hakuwahi kusema neno ambalo hakulipima.

“Injini ya Toyota inaingia mle?”

“Inaingia. Nikate boneti, nichomee mikono mipya ya kuishikia, na giaboksi yake iingie nayo.”

“Na difu?”

“Difu ya MG ni ya kubebea bwana na bibi kwenda kupunga upepo. Injini ile ikiitikisa mara moja itapasuka kama nazi.” Akafikiri. “Iko difu ya lori la pamba, kule kinuni. Haijafa. Propela inayotoka giaboksi inazunguka mara saba, tairi linazunguka mara moja. Hiyo haipasuki.”

“Mara saba,” alisema Mudrick kwa heshima, kwa kuwa saba ilikuwa kubwa kuliko moja. “Mjerumani atalia machozi.”

Mwajabu akamtazama Mudrick. Kisha akalitazama gari, kisha akatazama upande wa njia ya Mtunda, ingawa pale alipokaa haikuonekana, ulionekana ukuta wa choo tu.

“Sawa,” alisema. “Ichukueni.”

Twalha alikuwa ameshafungua kinywa arudie hoja yake. Akakifunga. Alijisikia kama mtu aliyesukuma kwa bega mlango ambao haukufungwa.

“Ila fundi ni Mshamu,” aliendelea Mwajabu, “na bolti ya Mshamu haiguswi.”

“Bolti ipi hiyo, shemeji?”

“Ya mpunga.”

Mudrick akacheka vizuri. “Hata ziwe kumi, zisiguswe zote.”

Hakuuliza zaidi. Huo ndio uliokuwa ugonjwa wake. Mudrick aliweza kukiri wizi akibanwa sana, lakini kukiri kwamba kuna kitu hakijui, hilo hakuliweza hata mbele ya hakimu. Kama angeuliza, mtoto yeyote wa Kibiti angemwambia: mwenye mashine ya kukoboa huifungia injini mwendo kwa bolti kwenye pampu ya dizeli, akaizungushia waya na kuipiga lakiri, ili msimamizi mwenye haraka asiikimbize. Mashine ikikimbizwa, mchele hutoka chenga tupu, na mchele chenga mteja hurudi nao na ndugu zake.

Kazi ilichukua wiki tatu. Mudrick alilala chumba cha wageni, akala wali wa nazi na kamba wa Maparoni, akanenepa shavuni. Kila baada ya siku mbili Mwajabu alikuja uani na karatasi.

“Kijana, fundi anasema matairi haya yameoza.”

“Yameoza kweli, shemeji.”

“Sasa Mjerumani atapanda gari la matairi yaliyooza?”

Mudrick akapanda basi, akaenda Dar, akarudi na matairi manne mapya. Hakupenda, ila aliyahesabu kama chambo. Na gari lisilo na matairi halifiki Gerezani. Safari ya pili alileta betri. Ya tatu rangi nyekundu, madebe mawili. Ya nne Mwajabu alimpa karatasi iliyoandikwa mkanda, bapa, mita sita.

“Mkanda wa nini?” aliuliza Mudrick.

“Wa feni.”

“Mita sita?”

“Injini kubwa,” alisema Mwajabu. “Wewe si mtu wa magari? Au nimwulize mwingine?”

“Aa, nimeelewa. Wa feni. Nilikuwa nahakikisha tu kama mnajua.”

Mshamu aliyekuwa chini ya gari alipatwa na kikohozi, akakaa huko huko mpaka kikaisha.

Mkanda ukaja. Mshamu akaupokea, akaukunja vizuri, akauweka stoo, akisema feni hufungwa mwisho kabisa.

Gari lilipokamilika watu walikuja kulitazama kama wanaotazama maiti ya mtu mashuhuri. Mbele boneti ilikatwa, injini ikachomoza kama kitambi kilichoshinda vifungo. Nyuma, difu ya lori ilikuwa ndefu kuliko upana wa gari, kwa hiyo matairi mawili mapya yalitokeza nje, shubiri mbili kila upande, kama magoti ya chura.

“Litampendeza?” aliuliza Twalha, kidogo kwa wasiwasi.

“Bosi, hivyo ndivyo yanavyokaa ya mbio. Linashika barabara. Wenyewe wanalipia zaidi.”

Mshamu aliliwasha. Moshi mweusi ukapanda, kuku wakakimbilia kwa jirani, na mngurumo wake ukatikisa vyombo kabatini. Mudrick, aliyepima nguvu za gari kwa kelele, aliona sasa amefika. Aliliendesha uani, gia ya kwanza, mbele hatua kumi na nyuma hatua kumi, akatangaza kwamba limekuwa simba.

Alikuwa ameshachagua siku. Ijumaa, saa sita na nusu, adhana ikishapigwa, Kibiti nzima inakuwa msikitini: Twalha, Mshamu, polisi wa zamu, muuza petroli. Hesabu yake ilikuwa safi. Iliwahesabu watu wote wenye kanzu.

Ijumaa hiyo alimwambia Twalha ana tumbo la kuendesha, atasali nyumbani. Khatibu alipopanda mimbari, Mudrick aliingia garini na sanduku lake, pakacha la kamba wakavu ambalo Twalha alimwandalia Mjerumani zawadi, na redio kaseti ya Twalha, ambayo Mjerumani hakuandaliwa. Akawasha. Akatoka getini.

Mwajabu alikuwa mbele ya duka, anageuza mpunga ulioanikwa jamvini. Mudrick akampungia mkono kama waziri.

“Najaribu breki, shemeji.”

“Jaribu tu, mwanangu.”

Gari likapita likinguruma. Mwajabu akaendelea kugeuza mpunga. Alimaliza upande mmoja wa jamvi, akamaliza wa pili, akafukuza kuku. Kisha akajifunga kanga ya pili kiunoni, akachukua baiskeli ya dukani, akapanda.

Mudrick alipofika barabara kuu alikanyaga mafuta hadi chini. Injini ikanguruma zaidi kidogo. Gari halikubadilika. Akaingiza gia ya pili, ya tatu, ya nne. Gari likaongeza mwendo mpaka likalingana na mtu anayewahi msiba, likakaa hapo. Akatoa mguu, akakanyaga tena. Akakanyaga kwa miguu miwili. Alitazama dashibodi kwa matumaini kwamba mwendo umeongezeka na ni macho yake tu, lakini mshale wa MG ulikuwa umekufa tangu mwaka sabini na moja.

Kilomita ya tatu barabara ilikuwa inachongwa upya, na magari yote yalielekezwa kwenye mchepuko wa mchanga, mlima mrefu. Hapo gari lilitaka gia ya pili na likashuka hadi mwendo wa miguu. Halikukwama wala kuteleza. Difu ilivuta kama ilivyozoea kuvuta marobota, bila kujali nani anakimbizwa. Wanawake wawili waliobeba kuni wakatembea naye sambamba.

“Salama, kaka?”

“Salama.”

“Wakwenda wapi?”

“Dar.”

“Kwa mwendo huu?”

“Linajipasha.”

“Basi tupakie, tushuke pale juu.”

“Siwezi kusimama, mama. Nina haraka.”

Wanawake wakatazamana. Hakukuwa na haja ya kusimama. Mmoja akatupia mzigo wake nyuma, akakalia ukingo, akavuta miguu ndani. Wa pili akafuata. Wakamshukuru, wakamwombea dua, wakamwuliza kama ameoa. Gari halikujua kama limeongezewa mzigo wala kama lina mwizi.

“Ndani mwanuka kamba,” alisema mmoja.

“Ni zawadi.”

“Ya nani?”

“Yangu,” alisema Mwajabu, ambaye alikuwa anasukuma baiskeli kando ya mlango wa dereva, wala hakuwa anahema sana. “Breki zikoje, mwanangu?”

Mudrick aliangalia mbele. Mkono wake ulijaribu tena gia, kama anayepekua mfuko alioujua mtupu.

“Shemeji, gari lina kasoro. Nilitaka nilipeleke Dar kwa uangalizi.”

“Halina kasoro. Bolti ya mpunga hiyo. Injini imefungwa mwendo wa kukoboa, na difu ya lori la pamba ni ya kuvuta, si ya kukimbia. Zima, vua viatu.”

“Viatu?”

“Vua.”

Vilikuwa viatu vya ncha kali, vyeusi, vya kung'aa. Mchanga wa saa saba mchana hauna urafiki na nyayo za mtu wa Gerezani. Mwajabu akavitundika viatu kwenye usukani wa baiskeli, na kwa viatu hivyo akawa amemfunga Mudrick kuliko pingu. Wanawake wa kuni walishuka kusikiliza vizuri.

Haikupita nusu saa, wanaume wakaja na pikapu ya muuza petroli, kofia zao bado kichwani. Twalha alishuka wa kwanza. Aliliona sanduku, akaiona redio yake, akamwona mkewe na viatu. Alielewa vyote.

“Apelekwe polisi,” alisema kwa sauti ya mkurugenzi.

“Na gari?” aliuliza Mwajabu.

“Litakuwa kielelezo.”

“Litakaa kituoni mpaka lini?”

Askari wa zamu, mtu mkweli, alitazama juu akihesabu. “Kesi ikisikilizwa mapema, mwakani.”

“Na injini yangu ndani yake. Na Mtunda wanaanza kuvuna kesho.” Mwajabu akamgeukia Mshamu. “Fundi, nikilifikisha gari Mtunda, nikalipandisha nyuma kwa jeki, nikatoa tairi moja, nikavisha mkanda wa mita sita pale lilipokuwa, utafika kwenye kinu?”

“Utafika. Niliupima na banda.”

“Mkanda wa feni?” aliuliza Mudrick taratibu, kwa sauti ya mtu anayesoma jina lake kwenye orodha ya waliofeli.

Twalha alimtazama Mshamu, akamtazama mkewe.

“Mlijua tangu lini?”

“Mimi nilijua nahitaji gari la kupita mchanga,” alisema Mwajabu. “Wewe ulihitaji Coaster mbili. Huyu alihitaji asiulize. Kila mtu alipewa nafasi yake, baba Nusaiba. Tela letu liko wapi?”

“Nyuma ya duka.”

“Basi hakuna polisi. Akienda polisi atakula bure tena, na wiki tatu nimemlisha vya kutosha.” Akamtazama Mudrick. “Wewe mdomo unao. Mtunda wananijua mimi, hawaijui mashine, na mashine ngeni inataka mtu wa kuipigia kelele. Utaita wateja msimu mzima. Msimu ukiisha utapata viatu na nauli. Ukitaka kuondoka kabla, njia hiyo hapo, na mchanga wake.”

Mudrick akatazama njia. Akatazama miguu yake.

“Chakula kipo?”

“Cha jasho. Geuza gari.”

Akageuza. Kwa difu ile hata kugeuza kulikuwa kazi ya kutwa, watu wakashika magoti ya chura wakasaidia kusukuma. Dukani walifunga tela nyuma ya MG, wakapakia kinu cha kukobolea, jeki, mkanda na dumu mbili za dizeli. Mwajabu alikaa kiti cha abiria, akitoa kwanza yai. Mshamu alikaa kwenye tela. Twalha alisimama na mkoba wake, hajui kama ameitwa au ameachwa.

“Panda,” alisema mkewe. “Chukua na kibao chako, nyuma yake ni cheupe.”

Saa tisa na nusu walikuwa kwenye njia ya Mtunda, wanapanda mchanga bila kukwama mahali. Twalha amepakata kibao na brashi, anaandika upya, MASHINE, na herufi zinamcheza kila difu inaponguruma. Penye nyumba za kwanza wanawake walitoka na ungo mkononi kutazama kilichokuwa kinakuja.

“Haya, anza,” alisema Mwajabu.

Mudrick alisafisha koo. Akasimama nusu nyuma ya usukani, peku, akapaza sauti yake ile nzuri iliyouza vitu vingi visivyokuwapo.

“Akina mama, mashine imefika. Mchele mzima, hauna chenga. Injini imefungwa bolti, hata mwizi haikimbizi.”